Nilijaza Tangi la Mnyambe

Nilikuwa najifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta, nyumbani Newala. Kwa mazoezi niliandika klasi ya Tangi, yaani ramani ya kuundia matangi ya maji, nikaiwekea kigeu cha kutunza idadi ya lita. Kwa ramani hiyo nikaunda matangi mawili, la kijiji cha Mnyambe na la kijiji cha Chilangala.

Nikatia lita mia tano Mnyambe. Kompyuta ikaniambia Chilangala nako kuna mia tano!

Nikamwita dada yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kuchota maji. "Dada, njoo uone! Nimejaza huku, kumejaa na kule."

Akatua ndoo, akacheka. "Basi tujazie na letu."

Nikasoma upya mstari kwa mstari. Mbele ya kigeu nilikuwa nimenakili neno "static" bila kujua kazi yake. Kumbe ndilo lililokifanya kigeu kuwa kimoja tu, cha klasi nzima, matangi yote yakikitumia. Nikalifuta, nikaendesha tena. Mnyambe mia tano, Chilangala sifuri.

"Kila tangi lina kigeu chake!" nilipiga kelele, nikamkumbatia.

"Unashangilia tangi tupu?"

Nilishangilia kweli. Kisha nikaunda la tatu, la nyumbani kwetu, nikalijaza pomoni.