Mti wa Kuagia wa Afande

Chumvi ya ziwa la Katwe ina harufu yake, na mimi nikiisikia hata leo, nimeketi barazani kwa mwanangu hapa Bwera, pikipiki zinapita, simu za wajukuu zinalia, mdomo unajaa mate na namwona mama. Namwona anapanda mlima na chumvi kichwani, imefungwa kwa magome ya mgomba, mvua inamnyeshea. Chumvi inayeyuka. Inamshuka usoni, inaingia machoni, naye anatoa ulimi anailamba, anacheka, ananiita kwa jina langu, "Kule, njoo ulambe mama yako kabla sijaisha!"

Nilimlamba shavu kweli. Nilikuwa mdogo.

Hiyo siyo habari niliyotaka kuwasimulia, ndugu zangu, lakini kwenye ile nyingine sijui kufika bila kupitia hapa. Chumvi ikilowa inabidi ikaushwe juu ya moto siku nyingi. Moto unataka kuni. Na sisi kuni hatukuwa nazo.

Watu wa bondeni wanadhani mlimani kila mtu ana kuni. Wapi! Mgongo wetu wa mlima, huko juu ya Kyarumba, ulikuwa umelimwa mpaka karibu na mawingu, kahawa, maharage, migomba, na kila mti uliobaki ulikuwa na mwenyewe. Mama aliomba. Alisimama pembeni mwa shamba la mtu, ngata tayari kichwani, akasalimia nyumba nzima kwa majina, akaulizia mbuzi, akaulizia kikohozi cha bibi, ndipo akaomba vijiti vilivyoanguka. Wengine walimpa. Wengine walimwambia arudi kesho, na kesho yenyewe walikuwa wameshaipangia jibu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili kwa sababu ya funza miguuni, baadaye funza walikwisha lakini shule sikurudi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuona mengi.

Juu ya kwetu palikuwa na msitu mdogo wa mikalitusi wa mzee mmoja aliyeitwa Masereka, ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Afande. Ujanani alikwenda vita ya wazungu, akarudi na koti zito na Kiswahili cha amri, na kile Kiswahili alikitumia kwa watu, kwa mbuzi na kwa kuku, wote sawasawa. Sisi nyumbani tulisema Lhukonzo. Mikalitusi yake aliipanda kwa mistari iliyonyooka, na ukipita karibu unasikia sauti ndani: "Wewe! Mutoto ya nani? Simama hapo!" Tulikuwa hatusimami.

Mke wake alipofariki, binti yake aliyeolewa Kongo, ng'ambo ya mto, akamtaka aende akae naye. Afande akatangaza anauza msitu. Na baba yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu kisichoweza kuliwa, akatoa mbuzi na kahawa, wakapatana.

Sasa kwetu, shamba lenye miti likiuzwa, majirani wanaitwa, na mzee anayesimamia mgongo ule wa mlima anawaongoza kuuzunguka mpaka wote wa shamba. Kisha mbuzi analiwa. Mwisho kabisa muuzaji anachagua mti mmoja, anaukata kwa mkono wake, anaondoka nao. Ndio mti wa kuagia. Kabla hajauchukua, mnunuzi anaweza kuokota kilichoanguka chini, lakini kilichosimama hakitiwi shoka. Anayekata kabla ya hapo ameivunja biashara, na majirani hawatamshuhudia tena. Siku yetu mvua ilikuja mbuzi akiwa bado motoni. Watu walinyakua nyama, wakatawanyika mbio wakipuliza vidole. Mti wa kuagia hakuna aliyeukumbuka.

Lakini nianze na furaha, maana furaha ilikuwa nyingi. Kesho yake baba alivaa koti la kanisani akaingia msituni. Haikuwa Jumapili. Aligusa mti mmoja mmoja kwa kiganja, kama mtu anayenunua ng'ombe, ingawa alikuwa ameshanunua. Majani makavu yalilia chini ya miguu yake, na hewa yote ilinuka ile dawa tunayojifukizia tukishikwa na mafua. Sisi watoto alitugawia kila mmoja mti wake wa kuuita wake. Wangu ulikuwa unajichuna ganda kama nyoka. Nilikuwa naweka sikio pale penye uwazi, nasikia mti unalia kidogo upepo ukipita juu. Mchana baba alilala humo. Wapita njia wakisalimia nyumbani, yeye aliitikia kutoka msituni, kwa sauti kubwa, ili wajue aliko. Mashemeji walipokuja aliwaambia, "Karibuni kivulini kwangu." Mnaijua mikalitusi, kivuli chake ni kama cha uzi. Walikaa pale wakiungua jua na kusifu.

Na mama. Mama aliingia na ngata yake, akaanza kuokota, akainua kijiti, akakitazama, akakitupa. Akainua kingine, akakitupa. Baba akamwuliza kuna nini. "Nachagua," mama akasema, na akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwahi kuchagua kuni maishani mwake.

Siku chache baadaye, asubuhi, tukasikia sauti: "Nani amelala kwa laini yangu? Amuka!"

Ni Afande. Amekuja kuchagua mti wake wa kuagia. Baba akamkaribisha kwa heshima, tena kwa haraka, maana jiko letu lilikuwa limeinama, limeegemea mgomba, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Alitaka nguzo. Afande akiukata wa kwake, siku hiyo hiyo baba angekata wa kwake.

Afande akausimamia mti wa kwanza wa mstari wa kwanza, mikono nyuma. Akautazama kutoka chini hadi juu.

"Hii iko konda sana," akasema. "Chakula yako unapeleka wapi?" Akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata akasimama kwenye wa pili. "Hii iko muzuri. Mimi nitaharibu kitu muzuri? Hapana." Akaenda zake. Mwingine alikuta umepinda, akaukemea kama mlevi. Mwingine akasema unafanana na koplo mmoja aliyemwibia blanketi, hawezi kutembea naye mpaka Kongo. Siku nyingine alikuja kwenye ule wangu. Akaweka kidole penye ganda lililochunika, akanitazama mimi. "Hii inavua nguo mbele ya watu," akasema. "Haina adabu." Nilimshukuru Mungu kwa mti usio na adabu.

Hivyo wiki zikapita. Baba alianza kukonda kuliko mti wa kwanza. "Mzee huyu amekula mbuzi na bado anashika mkia," alimwambia mama. "Msitu ni wangu au si wangu?" Majirani nao wakaanza utani, wakimkuta njiani walimwuliza, "Baba Baluku, leo umepewa ruhusa ya kuingia kwako?" Baluku ndiye kaka yetu mkubwa. Mimi nilimchukia Afande, nasema ukweli. Nilimwona mchoyo.

Baba akaenda kushtaki kwa mzee wa mgongo wa mlima. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi ndio tulisahau," akasema. "Tulikimbia mvua na nyama mdomoni. Sasa nimshike mkono nimkatishe? Mngojeeni."

"Na jiko langu linangoja?" baba akauliza.

"Hilo jiko hata mimi nimeliona," mzee akasema. "Liombeeni."

Mama peke yake hakugomba. Afande akimaliza ukaguzi wake, mama alimtolea kibuyu cha bushera, ule uji wetu wa mtama uliochachuka, naye alikunywa amesimama, akafuta mdomo, akasema, "Bado," akashuka kwenda kwake.

Jiko likaanguka. Lilianguka mchana, halikuua kitu ila chungu. Mama alipika nje chini ya majani ya mgomba, manyunyu yakiingia kwenye maharage, na baba aliliangalia lile lundo muda mrefu. Kisha akachukua shoka. "Kesho nakata," akasema. "Wanishuhudie, wasinishuhudie." Mama akamwambia, "Baba Baluku, ukikata kabla yake tutarudi kuomba vijiti."

Asubuhi tulimfuata wote. Afande alikuwa ameshafika. Alikuwa mstari wa mwisho, na koti lake zito, mbele ya mti wa mwisho kabisa. Akaliona shoka. Tulisimama. Baba naye akasimama, shoka mkononi.

"Kijana," Afande akasema. Baba alikuwa na mvi. "Lete hiyo."

Baba akampa. Afande akapitisha dole gumba kwenye makali. "Hii nani alinoa? Mbuzi?" Akachuchumaa kwenye jiwe, akatema mate, akanoa taratibu, sauti ile ya chuma na jiwe ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Akasimama, akamrudishia. Akaanza kutembea kwenye mistari, anaonyesha kwa kidole. "Kata hii. Na ile. Ile ingine wacha, iko inakua. Hii ukiikata, hizi mbili zitapata jua. Ya jiko, si ndiyo? Nimeona jiko yako. Aibu."

Baba akakata ule aliouonyesha kwanza. Afande aliweka kiganja kwenye shina mpaka lilipoanza kulia, ndipo akakitoa.

Mimi siku ile nilidhani baba ameshinda. Nimekuja kuelewa juzi tu, uzeeni, nilipoanza kugawia watoto vitu vyangu, baiskeli, koti, kile kipande cha kahawa, na nikajikuta kila kimoja nakitafutia kasoro kabla sijakitoa. Afande hakuwa akichagua. Alikuwa akiaga. Alianza mstari wa kwanza akaenda mmoja mmoja, na kila mti ulikuwa na asubuhi yake. Angetuambia, tungemngoja bila uchungu. Lakini mtu anasemaje neno kama hilo mbele ya watu?

Mti ulipoanguka alikwenda kwenye kilele chake, akakata kipande kifupi chenye majani, akakiweka begani; ndio ukawa mti wake wa kuagia. Mama akamwita, bushera iko tayari.

"Nilikunywa jana," akasema.

Akashuka na njia ya Bwera, ile inayokwenda mtoni na Kongo, majani yakitikisika mgongoni kwake. Hakugeuka. Baba hakukata mti wa pili siku ile. Kesho yake aliingia msituni mapema, akalala kwenye mstari makusudi, akangoja kukemewa. Jua likapanda. Afande hakurudi tena.