Siku Tisa za Sudoku Ngumu

Uongo wenyewe ulikuwa na maneno matatu tu: "kutatua sudoku ngumu." Ulikaa kwenye CV yangu chini ya mambo ninayopenda kufanya, juu kidogo ya majina ya wadhamini. Kijana wa saiba, duka la intaneti hapa mtaani Kimumu, ndiye aliyeuandika, lakini mimi ndiye niliyenyamaza.

"Sista, kila mtu anaandika kusoma, kusafiri na kukutana na watu wapya," aliniambia huku vidole vikingoja juu ya kibodi. "Wewe umesafiri wapi?"

"Burnt Forest. Kwa shangazi."

"Basi tuache kusafiri." Kando yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa kwenye ukurasa wa mafumbo ya namba, kikombe cha chai juu yake. Akalitazama. "Tuweke hii."

"Sichezi hiyo."

"Nani atakuuliza?"

Nilikuwa na shahada ya takwimu na mwaka mzima wa kutuma maombi yasiyojibiwa. Nikanyamaza, akachapa.

Wiki tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu. Kampuni moja ya mbegu za mahindi ilitafuta karani wa takwimu kwenye maabara yake, na ilinitaka kwa mahojiano Alhamisi ya wiki iliyofuata. Sentensi ya mwisho ilisema: "Uje tayari kwa zoezi fupi la kufikiri."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliisoma sentensi ile mpaka ikabaki na maana moja tu. Zoezi la kufikiri ni lipi, kama si sudoku? Walikuwa wameuona mstari ule. Wangeniwekea karatasi mbele, nishindwe, kisha wajiulize kama hata shahada yangu ni ya kweli. Kazi ingeniponyoka, na waajiri wa mji huu wanajuana. Nilihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa tisa.

Mtu pekee niliyemjua aliyecheza sudoku alikuwa mama mwenye duka karibu na lango letu. Alikuja hapa kutoka Nyeri akiwa bibi harusi, na sasa nywele zilikuwa zimeingia mvi. Kila asubuhi, kati ya mteja wa mkate na mteja wa sabuni, alijaza fumbo la gazeti kwa penseli fupi. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya saiba.

"Umesoma chuo miaka minne," alisema, "na hujui kupanga moja mpaka tisa?"

"Mama, usinicheke. Ni kazi."

"Sicheki. Leta kiti."

Mama huyo ana nyumba za kupangisha nyuma ya duka, na sudoku aliieleza kwa lugha hiyo. Vile viboksi vikubwa tisa aliviita ploti, na kila ploti ilikuwa na vyumba tisa. Kila namba, kutoka moja mpaka tisa, ilipata chumba kimoja tu kwenye ploti, kimoja kwenye mstari wa kulala, na kimoja kwenye mstari wa kusimama. Hayo niliyashika siku ya kwanza. Mafumbo magumu yalinitoa jasho.

"Andika ndogo ndogo kwenye kona namba zote zinazoweza kuingia chumba," alinifundisha. "Sasa ona. Kwa huu mstari, vyumba hivi viwili vinakubali nne na tisa peke yake. Hujui nne atalala wapi, hujui tisa atalala wapi, lakini hawa wapangaji wawili washalipa deposti, vyumba ni vyao. Kwa vyumba vingine vyote vya huo mstari, futa nne, futa tisa."

Nilifuta, kisha nikarudi kuhakiki mara tatu kama nilikuwa nimefuta vizuri. Karatasi ikatoboka.

Siku ya nne tulifika kwenye mbinu aliyoiita miguu ya kitanda. Unachagua namba moja, tuseme saba. Unatafuta mistari miwili ya kulala ambamo saba ina nafasi mbili tu kwa kila mstari, na nafasi hizo ziwe zimesimama juu na chini, mguu kwa mguu. Ukiipata, unaifuta saba kwenye vyumba vingine vyote vya ile mistari miwili ya kusimama inayopita kwenye miguu hiyo. Mchana ule nilianza kuona vitanda kila mahali, hata pale ambapo miguu ilikuwa mitatu, na kila kitanda cha uongo kiliniharibia fumbo zima. Mama alinyakua penseli.

"Unaona kitu unachotaka kuona. Hesabu miguu kwanza."

Mbinu ya mwisho alinipa siku ya saba. "Hii ni ya watu wa wasiwasi," alisema. "Itakufaa." Unakwenda kwenye chumba chenye namba mbili tu, tuseme mbili na sita. Unajiuliza: nikiweka mbili, nini kitafuata? Unaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, bila kuandika. Unarudi, unaifuata njia ya sita. Kama njia zote mbili zinakuleta kwenye tano katika chumba fulani cha mbali, basi chumba hicho ni tano, hata kama bado hujui chumba ulichoanzia ni mbili au sita. Niliielewa papo hapo. Nimeishi hivyo tangu utotoni, ila njia zangu zote huishia mahali pabaya.

Alhamisi nilifika kwenye ofisi za kampuni, upande wa Yamumbi, saa nzima kabla ya wakati. Ndani walikuwa wawili: mama wa makamo mwenye faili langu, na mzee mmoja mkuu wa maabara. Zoezi la kufikiri likaletwa. Lilikuwa jedwali la trei za mbegu, ngapi zimepandwa na ngapi zimeota, na kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa. Trei moja ilidai kuotesha mbegu nyingi kuliko zilizopandwa. Niliyapata yote.

Ndipo yule mzee akatoa gazeti kwenye droo.

"Na hii? Nimekwama tangu asubuhi. Nimeona hapa wewe ni mtaalamu."

Nililitazama fumbo lile na namba zikaanza kuogelea. Nilihesabu miguu ya kitanda cha namba tatu, nikahesabu tena, nikamwonyesha. Akafuta tatu kwenye vyumba viwili, akajaza chumba kimoja, akaguna. Kisha akainua macho.

"Umecheza miaka mingapi?"

Nilizifuata njia zote mbili nikiwa nimeketi pale. Nikisema miaka, angeniuliza jambo lingine, kisha lingine, mpaka aujue ukweli. Nikisema kweli, angeujua sasa hivi.

"Siku tisa, mzee," nikasema. "Kwenye CV si kweli. Nilijifunza baada ya kuitwa hapa."

Mzee aliweka penseli chini. Yule mama akafungua faili, akachukua kalamu nyekundu.

"Hebu tuanze juu," akasema. "Shahada?"

"Kweli."

"Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa takwimu?"

"Makamu. Muhula mmoja."

Akakata. Aliendelea hivyo mstari kwa mstari, bila kuniangalia. Alikata vitu vinne. Mwishoni alisema, "Tutakupigia," kwa sauti ambayo nimeichambua tangu siku ile bila kuielewa.

Walipiga Jumatano. Alikuwa yule mama wa kalamu nyekundu mwenyewe. Alisema nianze Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio, na kwamba kazi yangu ya kwanza itakuwa kurudia hesabu za karani aliyenitangulia, kwa sababu zilikuwa nzuri mno kuwa za kweli. Nilimuuliza kama hajakosea namba ya simu. Alilisoma jina langu lote, polepole.

"Na ukikosea hapa," akasema, "uje uniambie siku hiyo hiyo. Usingoje niulize."

Nikasema nimesikia. Sikuthubutu kukata simu mpaka yeye alipokata.