Alama Aliyoiweka Kuluthum

"Mtaa mzima wa Junda ungeumaliza, we mwanamke! Toka hapa mpaka Bamburi usingebakisha hata paka, na usingeinuka kitini!"

Huyo ni Salha, na hapo alikuwa bado hajafika kwenye sauti yake ya juu. Alisimama barazani pa zahanati ya Bwana Barakat, siku ya nne tangu tumzike mdogo wake, Mwanatatu. Aliyekuwa akipigiwa kelele ni Kuluthum, fundi wa kompyuta za hapo. Kakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kama anayengoja mvua ipite.

Mwanatatu alikuwa hapatani na penisilini. Miaka mitatu onyo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kadi yake ndani ya kompyuta, kwa rangi nyekundu. Ile Alhamisi alipokuja na koo linalomuuma, kadi ilikuwa safi. Muuguzi Eddah akatazama, akaona hakuna onyo, akamdunga. Mwanatatu hakuufikia mlango.

Sasa huyu Kuluthum ni mtu wa Shika Adabu, kule Likoni, binti wa maalim wa chuo cha Qurani. Kompyuta aliisomea miezi tisa, sawasawa na mimba, na alichozaa ni ukali. Ukimwambia mashine yako imekufa, atakuuliza uliiuaje. Wachumba walikuja wawili, wakaondoka bila mke ila wanajua kubadilisha paswadi.

Na kazi iliyomchosha zaidi pale ilikuwa ni sisi wenyewe. Mtu wetu akiulizwa jina, leo hutaja la baba, mwezi ujao la babu, akija na shangazi yake hutajiwa la ukoo. Basi mtu mmoja ana kadi mbili, tatu. Kuziunganisha lazima moja ifutwe, na kufuta ilikuwa haki ya mtu mmoja tu kwenye kompyuta zile, aitwaye Mkuu, yaani Kuluthum. Kila mara Matano wa mapokezi hupiga simu: "Dada Kuluthum, njoo, tuna bibi hapa ana kadi nne kama mchezaji karata!" Naye hutoka Likoni, angoje feri, apite mjini, aje mpaka Kisauni abonyeze mara mbili, arudi.

Kisha mamake akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Wa kumwacha naye hakuna. Ndipo Kuluthum akaandika kijiprogramu cha kuunganisha kadi.

"Si uwape tu paswadi yako?" nilimuuliza siku hizo.

"Nikiwapa paswadi nimewapa nyumba nzima. Hebu sikiliza. Ndani ya kompyuta mna kiini, ndicho kitoacho ruhusa. Ukifungua programu, kiini hutazama wewe ni nani, programu ikapata haki zako, si zaidi. Matano akiifungua, ina haki za Matano. Lakini faili ya programu ukiitia alama fulani, kiini huipa haki za mwenye faili, hata akiifungua nani."

"Kwa hivyo Matano anakuwa wewe?"

"Kwa kikazi kile tu. Kikiisha anarudi kuwa Matano, maskini."

Akaitia alama. Wa kuifungua walikuwa watatu: Matano, Eddah na Badi wa chumba cha dawa. Wakamwombea dua, wakamtumia na halua.

Jumanne, siku mbili kabla ya ile Alhamisi, saa nne na dakika ishirini, mtu aliunganisha kadi mbili za Mwanatatu. Akabakisha mpya, akafuta ya zamani, ile yenye nyekundu, na onyo likaenda nayo. Kumbukumbu ya programu imeandika aliyefanya: Mkuu. Saa nne hiyo Kuluthum alikuwa Likoni, akimlisha mamake uji kwa kijiko.

"Kwa hivyo wasema si wewe?" Salha akamwinamia.

"Mkono si wangu, dada Salha. Nguvu ni zangu."

"Usinitie maneno ya kompyuta! Jina lako limo!"

"Limo. Programu ikienda, kiini kina majina mawili: la aliyeifungua, na la mwenye nguvu inazotumia. Mimi nilipoiandikia kumbukumbu nilichukua la pili. La kwanza sikuliuliza."

"Basi liulize sasa!"

"Programu ikisha kwisha, kiini huyatupa yote mawili. Hakuna pa kuuliza."

Bwana Barakat akakohoa. Huyo akikohoa hivyo ujue ana lake. "Mwanangu Kuluthum, si tuandike tu mashine iliharibika? Mambo ya Mungu haya."

"Mashine haikuharibika. Ilifanya nilivyoiambia, herufi kwa herufi."

Salha akawageukia wale watatu mlangoni. Matano alikuwa akikitazama kidole gumba cha mguu wake. Badi kakumbatia katoni tupu kama mtoto mchanga. Eddah analia, na amelia tangu Alhamisi, hata hatujui tena kilio kile ni cha sindano au ni cha Jumanne.

Salha akashusha sauti. Afadhali ile ya juu, wallahi.

"Kuluthum. Wana wawili wa Mwanatatu wako kwangu. Yule mkubwa aniuliza ni nani aliyefuta. Hawa umefanya nao kazi miaka, kila mmoja wajua mwendo wake, nani mpole, nani ana haraka. Mimi sitampeleka popote. Nataka kujua tu. Ni nani?"

Kuluthum akawatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka Badi akaiweka katoni chini. Nadhani Kuluthum angeweza kukisia, ila hakutaka kumtwika mtu kifo kwa kukisia.

Akasimama. Funguo za chumba cha kompyuta akaziacha juu ya benchi, mkoba akautia begani, akashuka ngazi.

"Nakuuliza wewe! Ni nani?"

Alishapita duka la pembeni, anaelekea barabarani, na wala hakuharakisha.