Mlango wa Nyumba ya Jaafar

Mimi na Jaafar ni watoto wa ndugu wawili, na nyumba zetu za Mkomani zimeshikana ukuta, kwa hiyo nikimsema nina haki. Mvivu hakuwa. Milango aliyoichonga imefika mpaka Nairobi. Ila pesa ikimwingia mkononi ilimwasha mpaka itoke.

Mimi huuza mahamri. Kila asubuhi, kabla sijanunua hata sukari ya nyumbani, hutoa pesa ya unga wa kesho na ya akiba, naitia kwenye kopo. Jaafar alikuwa akinicheka. "Bi Umulkheir, wewe utazikwa na kopo lako."

Mwaka jana akamwoza Aaliya, bintiye wa pekee. Nikamwambia harusi ya siku mbili yatosha. Akasema watu wa mui, mji mzima, watasemaje, mtoto wa kwetu aolewe kama anayefichwa? Alitaka laki sita. Benki hakuigusa, riba ni haramu, na hapo sina neno. Alichofanya ni kumuuzia nyumba Bwana Fahmi, tajiri wa mbao, kwa ile bei ya hiyari ya wazee. Akirudisha laki sita ndani ya mwaka, nyumba ni yake tena. Asiporudisha, imekwenda. Wakati huo akae humo humo, alipe kodi elfu kumi na tano kwa mwezi.

"Mwaka ni mrefu," akaniambia.

Mrefu wapi? Nilihesabu kwa vidole: elfu hamsini kila mwezi, mbali na kodi. Mwezi mzuri aliingiza laki moja. "Toa hamsini kwanza, kisha ule kilichobaki," nikamwambia. Mwezi wa kwanza akatoa, akaitia kwenye kopo lake, wa pili akatoa. Wa tatu kukawa na harusi Pate, na Jaafar hawezi kuwatunza waimbaji mia tano tu mbele za watu. Akafungua kopo. Tangu hapo kopo likazoea kufunguliwa.

Aliyenitia hofu ni Fahmi. Hakukumbusha deni hata siku moja. Alikuja kuchukua kodi, akakaa barazani kwa adabu zake, akauliza birika la maji ya kuogea linavuja wapi, boriti za juu ni ngapi. Kila akiondoka aliupapasa ukuta kwa kiganja. Nilikuwa nikimwona.

Mwezi wa kumi tangu kuuziana, akampa Jaafar kazi: mlango wa kuchonga, kipimo kimeandikwa kwenye karatasi, uwe tayari mwaka ukitimia. Akalipa elfu thelathini papo hapo. Niliikuta karatasi kwenye vumbi la randa nilipompelekea chai. Upande wa kushoto upungue vidole viwili, ndivyo ilivyoandikwa. Nimezaliwa Mkomani, nami naujua mlango mmoja tu ambao kizingiti chake kimeinama hivyo, nao uko hatua tatu na wangu.

"Jaafar, kipimo hiki ni cha wapi?"

Hakuinua kichwa. "Nilikijua siku ile ile."

"Na pesa ukazichukua?"

"Nilikuwa na kodi ya miezi miwili sijalipa. Kodi yake yeye."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nikaenda kulimwaga kopo langu: elfu thelathini na nane. La kwake lilikuwa na elfu tisa. Nikampelekea zangu hata hivyo, akanirudishia. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, nizihifadhi, huenda zikamfaa Aaliya. Kisha akarudi kuchonga, na miezi miwili ile sauti ya patasi ikawa inapita ukutani kwangu tangu asubuhi hadi Magharibi. Sikuwahi kumsikia akifanya kazi kwa makini vile.

Siku ilipofika, vyombo vyake vilikuwa tayari sebuleni kwangu. Fahmi akaja na watu wawili, wakaung'oa mlango wa zamani. Jaafar akausimamisha mpya kwa mkono wake, na ukaingia bila kuguswa na randa.

Fahmi akaufunga, akatia kufuli, akaisifu kazi.

Jaafar akasema ahsante.