Maiki ya Kupuria Ulezi

Wifi yangu anaujua wimbo wa kupura ulezi, beti zote, na mwanawe alishasema Jumamosi anakuja kumchukua akaishi naye Mbeya, macho yake yatibiwe, asikae tena peke yake. Mimi najua kiitikio tu. Waliokuwa wakianzisha ule wimbo kule Mwazye tulikotoka wote tumeshawazika, amebaki yeye. Nikasema mama huyu haondoki hapa Chanji kabla sijabaki na sauti yake.

Lakini ngoja kwanza nimseme huyu wifi. Ni dada wa marehemu mume wangu. Siku ninaolewa alinipokea mlangoni akasema kaka yake kaleta mti wa kuanikia nguo, maana nilikuwa mwembamba. Tangu siku ile hatujapatana, na hatujawahi kukosana.

Simu yangu nilishaijaribu. Ilirekodi upepo. Upepo wa Ufipa wakati wa mavuno unaingia hata mfukoni. Basi nikauza gunia la maharage, nikaenda kwenye duka la vyombo vya muziki pale mjini. Muuzaji ni bwana mmoja mtu wa Mbeya.

"Shikamoo bibi. Tukupe chaja?"

"Marahaba. Sitaki chaja, nataka studio."

"Studio ya mjukuu?"

"Ya kwangu. Mjukuu akitaka atanunua yake."

Akacheka, lakini akaniuzia kwa heshima. Alinitolea maiki mbili. Moja nyeusi, nzito, kama ya washereheshaji wa harusi. Nyingine ya dhahabu, inang'aa kama kikombe cha altareni. Akasema, "Hii ya dhahabu, bibi, inasikia mpaka kunguni akitembea. Inataka chumba kimya. Hii nyeusi inasikia mdomo ulio mbele yake, mengine haina habari nayo. Na bei yake ni nafuu. Chukua nyeusi."

Nikachukua ya dhahabu. Sitawadanganya, niliipendea kung'aa. Akaniongezea kisanduku kidogo cha kuunganisha maiki na simu, na hedifoni kubwa za kufunika masikio yote. Hizo alisema nisizibanie pesa: usiposikia kibaya, utakirekebishaje?

Nyumbani, ambako wifi alishaleta mizigo yake kungoja Jumamosi, nikapanga magunia ya mahindi ukutani mpaka juu. Gunia lililojaa linameza mwangwi kuliko godoro, na godoro ninalo moja. Chini ya bati nikatundika blanketi.

"Unaniweka ghalani niliwe na fukusi?" wifi akauliza.

"Fukusi hali mifupa. Kaa hapo uimbe."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa sababu ya kwaya. Sisi wote ni wanakwaya wa zamani. Kanisani tulifundishwa: mgongo wima, mikono imetulia, usitikisike. Basi nikamkalisha kitini, mikono magotini, kama anasubiri komunyo. Akaimba ubeti wa kwanza. Wa pili ukatoka nusu.

"Ubeti umenikimbia," akasema.

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Alhamisi akainuka kitini. "Wifi, wimbo umekufa. Niache niende zangu Mbeya." Aliposema hivyo nikakalia gunia.

Jioni akatoka uani kukung'uta vumbi kwenye blanketi lake la safari, analipiga kwa fimbo. Nikiwa jikoni nikasikia ubeti wa tatu, ule wa mwanamke mvivu anayetuma kuku wakampurie. Ukafuata wa nne. Nikatoka mbio, mwiko mkononi.

"We mwanamke! Kumbe beti ziko mikononi!"

Akasimama, akaiangalia ile fimbo. "Tena nani aliwahi kupura ulezi amekaa kama yuko kwenye misa? Wewe ndiye mjinga, si mimi."

Tukatandika turubai katikati ya magunia, tukamwaga mashuke ya ulezi, tukashika fimbo. Wimbo ukaja wote. Lakini nilipovaa hedifoni kusikiliza, ni mabomu matupu! Ile ya dhahabu ilikuwa inanasa kila pigo, na wifi anasikika kama yuko kwa jirani.

Ijumaa asubuhi nikarudi dukani. "Nimekuja kubadilisha."

Yule bwana akanyoosha kidole ukutani. "Bibi, kibao kinasema mali ikiuzwa hairudi."

"Mimi niliishia darasa la pili. Kibao hicho hakinihusu."

Alicheka mpaka akashika meza. Akanipa ile nyeusi, na kwa tofauti ya bei akaniongezea sponji ya kuivika kichwani.

Niliining'iniza kwenye boriti kwa kipande cha kanga, ili mshindo wa sakafuni usiifikie, ikakaa shubiri moja kutoka mdomoni kwa wifi. Nikamwambia apige fimbo kwa nguvu zake zote, nikapunguza kitufe cha kisanduku mpaka taa nyekundu ya kuonya kelele imezidi ikaacha kuwaka. Nikashika fimbo yangu. Akaanza.

Ndugu zangu, aliimba! Beti zote, na moja aliitunga pale pale kunitukana. Nami nikaitikia huku napiga, makapi yanaruka, jasho linatutoka kwenye baridi ile. Tulipomaliza nikamvika hedifoni.

"Nani huyo?"

"Wewe."

"Mwongo. Huyo ana meno yote."

Jumamosi mwanawe akaja, mtumishi wa serikali, viatu vinang'aa, tiketi za basi la mchana mkononi. "Mama, tutachelewa."

"Vaa hizi kwanza," mama yake akamwambia.

Akavaa akiwa amesimama, anaangalia saa. Baadaye akaacha kuangalia saa. Midomo ikaanza kuitikia. Akazivua, akainama, akafungua kamba za viatu, akaingia chumbani miguu mitupu na kuokota fimbo.

"Shangazi," akaniambia, ingawa mimi ni mkewe mjomba wake, "washa tena. Kiitikio hiki kinataka sauti ya mwanamume."

Tukapura watatu. Basi la mchana lilipita barabarani likipiga honi, na kwenye rekodi honi hiyo haisikiki kabisa.