Uzi Mpya kwenye Gitaa la Galoni

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Mjimwema na swali ambalo lilipaswa kuwa jepesi. Anataka kujifunza gitaa. Alinionyesha kwenye simu picha mbili, moja ya gitaa la bei ndogo linalouzwa mjini, nyingine ya gitaa la kuagiza ambalo bei yake inatisha. Akauliza, "Shangazi, kuna tofauti ya kweli, au wanatuibia tu?"

Wewe unanijua, sijibu swali la namna hiyo kwa haraka. Muziki sikufundishwa shuleni. Nilichora shingo ya gitaa kwenye daftari la mistari, nikaandika sauti moja baada ya nyingine kadiri sikio lilivyoniambia, na kila gitaa lililopita mikononi mwangu nimelipima kwa rula. Kwa hiyo nilimweleza. Gitaa la bei kubwa nyuzi zake zimelala karibu na shingo, vidole havichoki. Vigingi vyake vya kukazia nyuzi havirudi nyuma, ukilityuni sauti asubuhi jioni bado liko vilevile. Ubao wake umekaushwa vizuri, na sauti inakaa hewani kabla ya kufa. La bei ndogo lina kasoro katika yote hayo. Lakini linakufundisha kusikiliza, kwa sababu lisipolindwa na sikio lako linapotea.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mbona wewe lile la bei kubwa hulipigi? Liko kwenye sanduku juu ya kabati tangu nipate akili. Hili la bati ndilo umelitundika sebuleni kama picha ya babu."

Nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Ninaandika haya kwa sababu siku hiyo imefika.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, hapahapa Mjimwema, wakati nyumba zilikuwa chache na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mahindi. Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli. Alitokea Tunduru, Myao, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na alifanyia kazi kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga inawaka, pua yangu inatafuta harufu ya grisi na ya solisheni ya kuzibia mipira, ikichanganyika na ile harufu ya unga wa moto. Bibi alinituma kusaga kila Jumamosi. Foleni ilikuwa ndefu, nami niliipitisha nikiwa nimekaa karibu na fundi.

Yeye ndiye aliyenitengenezea gitaa. Mwili wake ulikuwa galoni la bati la mafuta ya kula, la lita tano. Shingo ilikuwa kipande cha mninga alichokiokota kwa seremala, vigingi alivichonga kwa kisu, na vile vyuma vya kuvuka shingo alivikata kutoka kwenye spoku za baiskeli. Nyuzi zilikuwa nne. Zilitoka kwenye waya wa breki, ambao ukiutazama vizuri si waya mmoja, ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Unaukunjua taratibu, unachomoa uzi mmoja, na huo mmoja unatosha kuwa uzi wa kwanza wa gitaa, ule wenye sauti ya juu. Nyuzi nene unazipata kwa kusokota mbili au tatu.

Baiskeli nyingi za wakati ule zilikuwa na breki za vyuma, kwa hiyo waya ulikuwa kitu cha kusubiri. Fundi alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimotunza nyaya zilizochakaa kwa ajili ya magitaa yetu sisi watoto, na alikuwa na sharti moja. Waya ufanye kazi ya baiskeli kwanza, ukishastaafu ndiyo uje kwenye gitaa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema waya mzee umeshavutika mpaka mwisho wake, hautashuka sauti tena, na unalia kwa upole. Waya mpya unapiga kelele kama mtoto aliyeamshwa, na kila baada ya wimbo lazima uukaze. Nimejaribu mwenyewe baadaye. Alikuwa sahihi kwa yote.

Sauti ya galoni lile siwezi kukuandikia. Ilikuwa na mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na kila uzi uliacha kokoto ndogo ya sauti nyuma yake. Nililipiga nikisubiri maharage yaive. Bibi alilalamika kwamba mtoto wa kike anakaa na bati mapajani, lakini nikinyamaza aliuliza jikoni, "Vipi, limekufa?"

Gitaa la kweli pale mtaani lilikuwa moja tu, la mwalimu. Lilinunuliwa dukani, mbali, na lilikuwa na sanduku lake lenye kitambaa chekundu ndani. Mwalimu aliongoza kwaya ya watoto. Hakumruhusu mtu kuligusa, na sikumlaumu. Tulilitazama kama tulivyotazama altare. Yeye pia alikuwa na moja ya baiskeli chache zenye breki za waya. Breki ya mbele ilikuwa imekufa siku nyingi. Alitegemea ya nyuma.

Mwaka ule, kuelekea sikukuu ya mavuno kanisani, mwalimu alikuja kibarazani, akanisikia, akacheka. "Hili debe linaimba," akasema. "Jumapili utakaa pembeni yangu. Mimi la kwangu, wewe la kwako, waone." Nilikuwa na miaka kumi. Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha.

Alhamisi uzi wa kwanza ukakatika. Nilikwenda kwa fundi. Alimwaga kopo lake lote chini, tukachambua nyaya, zote zilikuwa vipande vifupi. "Subiri, binti," akasema. "Waya mzee utapatikana." Nikamwambia sikukuu ni Jumapili. Akasema, "Basi piga na nyuzi tatu. Mwalimu anazo sita, jumlisha."

Jumamosi nilikuja na mahindi kama kawaida. Baiskeli ya mwalimu ilikuwa imepinduliwa, matairi juu. Waya wake mpya wa breki ya nyuma, mrefu, unang'aa, ulining'inia kwenye msumari ukutani ukisubiri kufungwa. Adhana ya alasiri ikalia. Fundi akanawa mikono, akaniambia, "Niangalizie vitu, naenda kuswali mara moja."

Nilimwona akivuka barabara. Nikachukua koleo.

Nilichomoa nyuzi nne, nikizikata karibu na kile kichwa cha risasi kilicho mwishoni mwa waya. Nilihitaji mmoja. Tatu zilikuwa za akiba. Nakutajia hesabu hii kwa sababu nimeirudia mara nyingi: ningechukua mmoja, pengine waya ungeshika. Zilizobaki nilizisokota upya kwa vidole, nikazipaka grisi ili zifanane na mwanzo, nikaurudisha waya kwenye msumari. Fundi aliporudi, mwalimu alikuwa ameshafika na ana haraka. Fundi alifunga ule waya huku wanataniana, mwalimu akimwita mtani na kumwambia kwamba watu wa Tunduru wanajua kubangua korosho, baiskeli wameanza lini. Fundi akajibu kwamba Wangoni wangekuwa wanajua baiskeli wasingemletea yeye. Wakacheka. Mimi nilicheka nao.

Jumapili ilikuwa nzuri. Watu waliingia na mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu. Nilikaa pembeni ya mwalimu, na uzi wangu mpya ulipasua kanisa zima, ukisikika juu ya gitaa lake la dukani. Bibi alilia. Baadaye tulikula makande uani, mwalimu akamwambia bibi, "Huyu mtoto ana mkono."

Jumatatu asubuhi, kwenye mteremko wa mtoni, waya ulikatika. Mwalimu alipita pembeni ya daraja, akaangukia mawe. Walimbeba hospitali akiwa amevunjika mkono wa kushoto juu ya kiganja. Mfupa uliunga vibaya.

Mchana wake habari ilikuwa imeshageuka hukumu. Fundi amemfungia mwalimu waya chakavu, mpya akauficha. Na ushahidi haukuwa mbali. "Si ndiye huyu anayekusanya nyaya mbovu kwenye kopo?" mama mmoja alisema kwenye foleni ya mashine, na watu wakaitikia. Lile kopo, ambalo alilitunza kwa ajili yetu, mtu alilipiga teke, nyaya zikamwagika barabarani. Fundi alijaribu kueleza kwamba ule waya aliutoa kwenye karatasi yake kwa mkono wake. Hakuna aliyemsikiliza. Mwenye mashine akamwomba apishe kibaraza. Bibi yangu, mwanamke wa haki, alisema kwa uchungu kabisa, "Sikumdhania."

Mimi nilikuwa nachambua mboga ya maboga, navua nyuzi za mabua moja moja. Niliendelea kuchambua.

Wiki tatu baadaye fundi alikuja kutuaga. Alikuwa anarudi Tunduru kwa basi la asubuhi ile. Bibi alimpa mkono bila kumtazama, akaingia ndani. Fundi akaniambia, "Lete galoni lako nikutyunie, nisije kukuacha na bati lisilo na sauti."

Nililileta. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akagusa uzi wa kwanza mara moja tu. Ulilia kama mtoto aliyeamshwa. Mkono wake ukabaki hewani. Alisubiri mpaka sauti ikafa yote, na ilichukua muda. Kisha akanitazama. Aliningoja, ndugu yangu. Nimejiuliza miaka yote hii kama nilielewa siku ile alikuwa anangoja nini, na ningependa kukuambia kwamba nilikuwa mtoto. Nilielewa.

Akaufungua ule uzi, akautoa, akauviringisha kwenye kidole na kuutia mfuko wa shati. Kwenye begi lake akatoa kipande cha waya mzee, sijui alikitoa wapi, akachomoa uzi na kuufunga mahali pake. "Ule unalia sana," akasema. "Watu watausikia." Akanishika kichwa, akaenda kupanda basi.

Mwalimu alitoka hospitali baada ya mavuno kuisha. Jioni moja alikuja kwa bibi na sanduku lenye kitambaa chekundu. Mkono wake wa kushoto haukuweza tena kujikunja kubana nyuzi. "Mimi na hili basi," alisema. "Mpe mtoto. Yeye ana mkono." Bibi alipiga magoti kumshukuru. Mimi nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasema asante.

Ni gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kupima. Nimelipiga, sitakudanganya, nililipiga ujana wangu wote harusini na kanisani, na yote ninayoyajua ya kutyuni na ya vidole nilijifunzia humo. Lakini sikuwahi kulifurahia. Kila sauti safi niliyoitoa ilitoka kwenye mkono wa mtu. Lile la bati, lenye uzi aliouchagua fundi kunificha, ndilo pekee lililonipa raha, na raha yenyewe ilikuwa na kutu. Bibi alifariki akiamini kwamba fundi alikuwa mwizi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye swali la binti wa kaka yangu. Wiki iliyofuata nilichukua sanduku nikaenda Maposeni, ambako mwalimu analima mahindi tangu alipostaafu. Kabla ya hapo niliuliza habari za fundi kwa wafanyabiashara wa korosho wanaokuja sokoni. Mmoja alimfahamu. Fundi amekwishazikwa, muda mrefu.

Mwalimu alikuwa anapukuchua mahindi kibarazani, akibana gunzi kwenye magoti na kufanya kazi kwa mkono wa kulia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeniletea nini, sanduku langu la ujana?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimtajia msumari, adhana, koleo, nyuzi nne. Nilimtajia mfuko wa shati. Nilijiandaa kwa hasira, na nilijiandaa pia, nakiri, kwa msamaha. Hakunipa hata kimoja. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Alijua siku anaondoka."

"Kabla hajaondoka alikuja hospitali. Kutoka Mjimwema kwa miguu, ameniletea machungwa. Akasimama pale kitandani, akasema, habari za maumivu, mtani. Nikageukia ukutani." Akaokota gunzi jingine. "Akasalimia tena. Alisalimia mara tatu, binti yangu. Wagonjwa wenzangu wakanishangaa."

Nikamwambia kosa lilikuwa langu. "Wewe ulikuwa na miaka kumi," akasema. "Mimi nilikuwa mwalimu."

Gitaa hakulitaka. Alisema nimpe huyo mtoto anayejifunza, lakini nimweleze kwanza. Nimemweleza. Amelifungua mara moja, akaligusa, akalifunga. Amenunua la bei ndogo, lile la mjini. Vigingi vyake vinateleza na kila jioni nasikia akilitafutia sauti chumbani, akiipata, akiipoteza.

Kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga sasa wanachaji simu na kutengeneza pikipiki. Juzi nilipita kuuliza waya mzee wa breki ya baiskeli. Kijana akaniletea mpya, ndani ya nailoni yake, akaniuliza baiskeli yangu ni ya aina gani. Nikamwambia sina baiskeli. Galoni liko ukutani. Uzi wa fundi bado umefungwa, umeota kutu, na nimeupima, haujashuka sana. Ule mwingine, ulioondoka mfukoni mwake, sijui aliutupa barabarani au alifika nao Tunduru, wala simjui wa kumwuliza.