Nimeizima Mimi

Mwalimu wa fizikia, ambaye wasichana wa shule ile walimbatiza jina la Mama Mvutano, alipewa nusu saa ya kutetea kazi ya miaka kumi na tisa. Bodi ilikwisha kuazimia kulifuta somo lake na kuigeuza maabara kuwa chumba cha ushonaji. Alichoruhusiwa ni onyesho moja, athibitishe kwamba wanafunzi wake wanajua wanachofundishwa.

Maabara yenyewe ilikuwa jina tu. Kilichobaki na uhai mle ni kompyuta moja yenye feni inayokoroma, na ndani yake mchezo wa kuunda roketi na kuzirusha angani. Wakubwa waliuita upuuzi. Lakini kwa upuuzi huo wasichana kumi na mmoja walikuwa wamejifunza kile ambacho vitabu vyao viwili vya kugombea havikuwahi kuwafundisha: kwamba ukiongeza mafuta umeongeza na mzigo, kwamba kupanda juu si kazi, kazi ni kukimbia kando kwa kasi mpaka dunia ishindwe kukudaka. Walilipua roketi arobaini. Moja waliipangia mwavuli ufunguke pamoja na kuwaka kwa injini. Ilikokotwa uwanjani kama kuku aliyefungwa kanga, nao wakacheka hadi machozi.

Siku ya onyesho waliamriwa wabaki nje, wasije wakamsumbua mgeni wa bodi. Aliyeunda roketi hakutakiwa kuiona ikiruka!

"Haya mwalimu, washa hiyo fataki," alisema mwenyekiti wa bodi, akivuta stuli. "Nina kikao kingine."

Mkuu wa shule, ambaye ndiye katibu wa bodi, alifungua daftari.

Kwenye skrini roketi ikaondoka, ikapanda, ikaanza kulala upande wa mashariki.

"Inaanguka hiyo!"

"Inainama, mheshimiwa. Inatafuta kasi."

Kisha Mama Mvutano akabonyeza kitufe. Moto ukakatika, spika zikanyamaza.

"Imezimika," alisema mwenyekiti, akatazama saa yake.

"Nimeizima mimi. Inapanda kwa kasi iliyonayo. Ikifika kileleni naiwasha tena, ndipo inaingia kwenye mzingo, iizunguke dunia. Dakika mbili."

"Hata mimi gari likizimika mlimani, abiria nawaambia nimelizima mwenyewe."

Mkuu wa shule alicheka kwa bidii ya mtu anayetafuta cheo. Mwenyekiti akasimama.

"Mzee wangu, nakuomba. Mbili tu!" Sauti iliyomtoka hakuijua, ilikuwa ya mtu aliyepiga magoti.

Walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Akiwafuata, roketi itarudi chini na kuungua. Akibaki, wanaondoka. Alibaki kwenye kibodi hadi roketi ilipofika kileleni. Akawasha injini, akahesabu, akazima. Mstari uliochora njia yake kwenye skrini ukajikunja, ukakutana na mwanzo wake. Roketi ilikuwa ikiizunguka dunia, na mashahidi walikuwa viti vitupu.

Alikimbilia ofisini. "Imeingia! Njoo uone, bado inazunguka."

"Mwenyekiti kashaondoka," alisema mkuu wa shule, akimsogezea daftari. "Weka saini hapa."

Alisoma: *Roketi ilizimika angani. Onyesho limeshindikana. Somo lifutwe.*

"Andika ilizimwa."

"Mama, tugombane kwa sababu ya mkia wa neno?"

"Ukiandika ilizimika, umesema tulishindwa. Ukiandika ilizimwa, kuna mtu aliyejua anachokifanya. Umelifundisha hilo mwenyewe, wewe mwalimu wa Kiswahili!"

Mkuu wa shule aliinamisha macho. "Najua," alisema polepole. "Lakini usaini usisaini, cherehani zinaingia Jumatatu."

Aliiweka kalamu juu ya daftari bila kusaini, akatoka. Wasichana walikuwa wamejipanga ukutani, wamenyoosha shingo.

"Mwalimu, imeingia?"

"Imeingia."

Wakapiga kelele, wakamrukia, wakamkumbatia wote kwa pamoja, naye akasimama katikati yao, asipate mdomo wa kuwaambia lililobaki.